Tumepanga nyumba ya shamba Dordogne, Ufaransa, wiki moja mwezi wa nane. Tukifika tuanzie wapi?

mama_nasra

Salaam wadau. Naombeni msaada wenu mliowahi kukaa mashambani Ufaransa, siyo Paris jamani, shamba kabisa. Sisi tunaishi Uingereza, mwaka huu mume wangu kasema hoteli basi, anataka nyumba watoto wakimbie, tumepata gîte, ndo wanavyoziita hizo nyumba za kupanga za kijijini, iko Dordogne karibu na Sarlat, nyumba ya mawe ya zamani yenye bwawa dogo la kuogelea. Tunaenda mimi, mume, watoto wawili (miaka 9 na 4) na mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua. Tunaendesha gari letu kutoka Calais. Kuingia ni Jumamosi kuanzia saa kumi jioni, kutoka Jumamosi inayofuata saa nne asubuhi.

Mkataba umekuja kwa Kifaransa, kurasa kibao, nimeona mambo ya kodi ya wageni, mashuka, usafi, dipoziti, mpaka kichwa kinauma. Nachotaka kujua hasa ni ile siku ya kufika na siku mbili za mwanzo. Tubebe nini, tukifika tukague nini, chakula tunakipata wapi, na kuna kitu gani mtu wa mjini hakijui? Halafu sisi hatunywi pombe wala hatuli nguruwe, hilo nalo linanisumbua maana sijui kijijini itakuwaje. Asanteni sana.

mkazi_wa_limousin

Karibu sana dada. Mimi naishi upande wa Limoges miaka mingi na wifi yangu kazi yake kipindi cha joto ni kuandaa hizo gîte kila Jumamosi kati ya mgeni anayetoka na anayeingia, kwa hiyo nazijua kwa ndani. Nakwambia kitu kimoja kabla ya vyote: fikeni jua bado lipo, na mfike na chakula cha usiku na cha asubuhi kikiwa ndani ya gari. Hayo mawili mkiyapata mengine yote yanarekebishika.

Kwanini jua. Nyumba za shamba nyingi hazina mtaa, anwani unakuta ni jina la kitongoji tu (lieu-dit) na jina la kijiji, na kitongoji chenye jina hilohilo unaweza kukikuta vijiji vitatu tofauti, ramani ya simu inakupeleka kwenye zizi la ng'ombe la watu. Sasa hivi kabla hujasahau mwandikie mwenye nyumba akutumie ile pini ya ramani yenyewe, na ushushe ramani ya Dordogne nzima kwenye simu maana kule mabondeni mtandao unakatika. Mwezi wa nane jua linazama karibu saa tatu usiku kwa hiyo muda mnao, ila msiutumie wote barabarani.

Kwanini chakula. Mnafika Jumamosi jioni mmechoka, Jumapili supamaketi nyingi za kule zinafunga mchana kuanzia saa sita na nusu hivi au saa saba hazifunguki tena mpaka kesho, na Jumatatu maduka madogo mengi, mikate, bucha, hayafunguki kabisa. Katikati ya wiki nako duka dogo linafunga saa sita mpaka saa nane au tisa mchana watu wanakula. Mtu aliyezoea duka liko wazi mpaka usiku hapo ndo anaumia. Pitieni supamaketi kubwa mkiwa bado njiani, Limoges au Brive, mnunue vya siku mbili, maji ya kunywa msinunue, ya bomba ni salama.

Mkifika, mwenye nyumba au mtu wake atawatembeza. Usikubali itembezwe fasta fasta eti mmechoka. Mwambie akuonyeshe kwa mkono wake boksi la umeme, mahali pa kufungia maji, mtungi wa gesi kama jiko ni la gesi, na takataka zinapelekwa wapi. Halafu muulize tangi la maji ya moto lina lita ngapi. Hili nalisisitiza kwa sababu ninyi ni watu watano. Nyumba nyingi huku zina tangi la umeme ambalo linachemsha usiku tu wakati umeme uko bei nafuu, mgeni aliyepita kaoga asubuhi, wifi yangu kafulia na kudeki, ninyi mnafika jioni mmejaa vumbi la safari mnafungua bomba wa tatu anaoga ya baridi. Kwenye boksi la umeme kuna kiswichi kidogo cha hilo tangi kina nafasi tatu, 0, auto na I. Kawaida kinakaa auto. Ukikisukuma kwenye I linaanza kuchemsha muda huohuo, na usiku ukifika saa ya bei nafuu chenyewe kinarudi auto. Ila mwombe ruhusa mwenye nyumba, umeme ni wake.

Umeme wenyewe ni mdogo pia, ukiwasha oveni, mashine ya kufulia na birika kwa pamoja nyumba nzima inaweza kuzima. Kama mita ni ile ya kijani kibichi chenye unjano inaitwa Linky, unazima vitu viwili vitatu halafu unabonyeza kitufe cha + unakishikilia kidogo, unarudi.

Choo. Shamba hakuna bomba la maji machafu la mji, kuna tangi la chini ya ardhi (fosse septique) ambalo linafanya kazi kwa vijidudu. Karatasi ya choo tu ndo inaingia. Zile taulo laini za watoto hata kama pakiti imeandikwa zinaflashika, hapana. Pedi hapana, mafuta ya kukaangia hapana, na jiki usimwage nyingi maana unaua vijidudu vyote halafu harufu inakuja kwenye bustani. Na kopo la kujisafishia mbebe lenu, hutalikuta.

bint_rouen

Nakubaliana na wa juu kwa yote, naongezea mashuka maana huko ndo watu wa Uingereza wanakwama. Angalia mkataba kama mashuka na mataulo yamo au unakodi pembeni, mara nyingi hayamo. Ukiamua kubeba yako ujue kitanda cha Kifaransa cha watu wawili ni sm 140 au 160, cha Uingereza ni 135, shuka la mpira la kwenu halitashika kona. Na mito yao ni ya mraba, sm 65 kwa 65, foronya zako ndefu hazitaingia. Uliza vipimo vya kila kitanda. Mimi ningekodi ya kwao tu, euro chache kwa kitanda, mnafika mnakuta pametandikwa, mama anajilaza.

Na chandarua! Madirisha ya huku hayana wavu. Malaria hakuna ila mbu wapo, yule mwenye mistari myeupe anayeuma mchana yupo Dordogne pia. Mchana kipindi cha joto funga madirisha pamoja na zile mbao za nje, usiku fungua kote, kuta za mawe ni nene nyumba inabaki baridi bila feni. Watu wengi wanafanya kinyume wanafungua mchana wapate hewa, jioni nyumba inakuwa tanuri.

dereva_mpole

Dada usisahau safari yenyewe. Jumamosi za mwezi wa nane mwanzoni ndo foleni kubwa kuliko zote Ufaransa maana nchi nzima inabadilishana likizo siku moja. Serikali yao ina huduma inaitwa Bison Futé, inatoa kalenda ya rangi, kijani, chungwa, nyekundu, nyeusi. Nyeusi ikiangukia Jumamosi yenu mimi ningeondoka Ijumaa nilale maeneo ya Orléans, hasa na mtoto wa miaka 4 na mama mwenye magoti. Kutoka hapo unashika A71 mpaka Vierzon halafu A20, na kuanzia Vierzon mpaka karibu na Brive hulipii barabara kabisa.

Gari la Uingereza linatakiwa stika ya UK nyuma, vile vibandiko vya taa ili usimulike wanaokuja, pembetatu ya hatari, na jaketi za kung'aa ziwe ndani ya gari siyo kwenye buti. Watoto wako wote wakae nyuma, chini ya miaka 10 ni sheria.

Vijijini kuna kitu cha kuangalia sana, anayetokea kulia kwako ana haki ya kupita kwanza hata kama anatokea kichochoro na wewe uko njia pana, isipokuwa ukiwa umeona alama ya almasi ya njano, hiyo inamaanisha njia ni yako. Ukiona ubao wenye jina la kijiji umezungushiwa mstari mwekundu, hapohapo ni kilomita 50 kwa saa hata kama hakuna namba imeandikwa. Nje ya vijiji ni 80 au 90, soma vibao. Mafuta: gazole ni dizeli, E85 usiweke kabisa kwenye gari la petroli la kawaida. Na pampu za supamaketi Jumapili hazina mtu, ni kadi tu, na benki inashikilia hela nyingi kuliko uliyojaza halafu inaachia baadaye, uwe na salio.

mama_nasra

Jamani Mungu awabariki, nimeandika yote kwenye daftari. Hilo la foronya nisingelijua maisha.

Maswali mawili. La kwanza chakula, naweza kubeba kuku wangu wa halali kwenye kibaridi? La pili, binamu zake mume wangu wako Paris, wamesikia tunakuja wanataka kuja wakae nasi siku mbili, watu wanne. Nyumba imeandikwa watu 6 na sisi ni 5. Mume anasema watalala sebuleni kwenye magodoro, ndugu ni ndugu. Mimi moyo unasita.

bint_rouen

Kuku usibebe, nyama na maziwa na jibini kutoka Uingereza haviruhusiwi kuingia Ulaya sasa hivi, hata sandwichi ya nyama, wakikagua wanatupa. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yameruhusiwa ila wako wamekua. Bebeni mchele, unga, viungo vikavu, tende, na nazi pia inaruhusiwa. Maembe yaacheni, matunda mengi mabichi yanataka cheti.

Halali mtapata, supamaketi kubwa zina rafu yake, na mji wenye ukubwa kidogo kama Périgueux utakuta bucha. Kwenye mgahawa uliza mafuta. Dordogne ni nchi ya bata, viazi vyao maarufu vya Sarlat vinakaangwa kwa mafuta ya bata au ya bata bukini, na saladi inaweza kuja na vipande vya nguruwe juu bila kutajwa vizuri. Pipi na baadhi ya maziwa ya mgando soma maandishi ya nyuma, ukiona gélatine de porc rudisha. Unga wa ugali ukiisha tafuta polenta, ni mahindi ya njano, siyo ule mweupe tuliozoea lakini unasongeka ukiupa moto na mkono.

Na mwenye nyumba akiwakaribisha kinywaji jioni ya kwanza, ni ukarimu wao, msikatae kukaa naye. Mwambie tu hunywi pombe, atakupa juisi au sharubati. Kuna mvinyo wa jozi (walnut) wanautengeneza wenyewe majumbani kule, unaonekana kama sharubati ya rangi nzito, huo ni pombe. Mafuta ya jozi na keki ya jozi kuleni kwa raha zenu, jozi za Périgord (jina la zamani la Dordogne) ndo sifa yao.

pwani_kwetu

Kuhusu binamu mimi naona msijipe presha. Siku mbili tu, magodoro chini, nani atajua. Sisi tulifanya hivyo Bretagne hakuna aliyesema kitu.

mzee_kombo

Mwanangu mama Nasra, usifanye hivyo. Mimi nimepangisha chumba changu kwa wageni huku Ufaransa muda mrefu kabla sijastaafu, naongea kama mtu wa upande wa pili. Ile namba 6 kwenye mkataba ndiyo makubaliano, na mikataba ya gîte kawaida inampa mwenye nyumba haki ya kuwakataa watu wa ziada, wengine inawapa hata haki ya kuvunja mkataba. Bima nayo inawatambua mliotajwa. Mtoto wa mgeni akiumia kwenye bwawa, au moto ukitokea, mtaanza kueleza yule ni nani na alikuwa anafanya nini pale. Na lile shimo la choo alilolieleza mkazi_wa_limousin limepimwa kwa watu hao, ukiwaweka tisa ndani ya joto la mwezi wa nane litakujibu.

Ndugu ni ndugu kweli, mumeo ana haki kuwataka. Mwandikieni mwenye nyumba sasa hivi, mwambieni tuna jamaa wanne wanataka kuja mchana kula nasi, inawezekana? Wengi wanakubali wageni wa mchana ukiwaambia mapema kwa heshima. Kulala walale jirani, Dordogne imejaa kambi za mahema na vyumba vya kulala na kifungua kinywa kwa wenyeji, ila mwezi wa nane wawahi kuweka nafasi leo siyo kesho.

La bwawa nalirudia kwa sababu una mtoto wa miaka 4. Ufaransa ina sheria tangu 2003, bwawa lililochimbwa la nyumba ya mtu lazima liwe na kinga, ama uzio wenye geti, ama king'ora, ama kifuniko, ama paa. Siku ya kufika kabla hamjashusha begi hata moja, mmoja wenu amshike mtoto mkono na mwingine aende na mwenye nyumba bwawani, aonyeshwe kinga ipi ipo na inafungwaje, ajaribu mwenyewe kufunga geti mara kadhaa. Kama ni king'ora mwambie akiwashe mkisikie. King'ora hakimzuii mtoto kuingia, kinakwambia ameshaingia. Pangeni zamu ya mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kutazama maji, hana simu mkononi.

mama_nasra

Shikamoo mzee Kombo. Nimemsomea mume wangu maneno yako yote, amekubali, binamu wanatafuta kambi. Na la bwawa tumelichukua, ahsante sana mzee.

Vipi kuhusu mama? Picha zinaonyesha vyumba vyote juu.

mkazi_wa_limousin

Uliza, usikisie kwa picha. Nyumba za mawe za zamani ngazi zake ni kali, nyembamba, nyingine hazina cha kushika, na milango mifupi. Uliza kama chini kuna choo na bafu, na kama kuna kochi linalofunguka kitanda mama akalala chini. Nyumba nyingi ziliunganishwa na ghala la zamani kwa hiyo unakuta kichumba cha chini ambacho hakijapigwa picha kabisa. Usiku acheni taa ndogo ya kuchomeka njiani kwenda chooni, na adapta mbebe za kutosha, soketi za Ufaransa ni za matundu mawili ya duara.

dereva_mpole

Nauliza na mimi hapohapo, choma tunaruhusiwa? Nawaza makaa na mbuzi.

mkazi_wa_limousin

Inategemea kiangazi kilivyo kaka. Ukame ukizidi mkuu wa wilaya yao (préfet) anatoa amri ya kukataza moto wa nje, na hiyo amri haina mgeni wala mwenyeji. Muulize mwenye nyumba siku hiyohiyo unayofika. Akikubali tumia jiko lake la choma mahali lilipo, usilihamishie kwenye majani makavu, weka ndoo ya maji karibu.

mama_nasra

Mrejesho wadau. Mwenye nyumba kajibu, mama mzuri sana anaonekana. Chini kipo chumba chenye kitanda kimoja na bafu karibu yake, picha hakuwa ameiweka. Bwawa lina uzio na geti la kujifunga. Binamu wanakaribishwa mchana ila wasizidi hao wanne na wasilale. Mashuka nimekodi yake. Dipoziti anachukua siku ya kufika anarudisha siku ya kutoka baada ya kukagua. Hapo kwenye kukagua kuna kitu cha kuangalia?

bint_rouen

Ndio, kukagua kuanze siku ya kufika. Atakupa karatasi ya vitu vyote, visahani, glasi, sufuria, mpaka kijiko cha kahawa. Hesabu jioni hiyohiyo, chochote kilichovunjika, doa kwenye godoro, kigae kilichopasuka, piga picha umtumie kwa ujumbe usiku ule ule usingoje Jumatano. Na angalia usafi wa mwisho kama umeulipia au mnafanya wenyewe, hata ukiwa umelipia, vyombo mnaosha na takataka mnatoa. Chupa za kioo zina kontena lake barabarani, plastiki na makaratasi ni pipa la kifuniko cha njano, na mabaki ya chakula siku hizi yanatengwa, atakuonyesha ndoo yake.

mzee_kombo

Marahaba mwanangu. Soko la Sarlat ni Jumatano na Jumamosi asubuhi, nendeni Jumatano, Jumamosi mtakuwa mnafunga mizigo. Ukiingia kwenye duka lolote toa salamu kwanza kwa sauti ndipo uulize bei, huko kijijini asiyesalimu anahudumiwa mwisho, watoto nao wafundishe. Mapango ya Lascaux, yale yenye michoro ya watu wa kale, ya kweli yamefungwa tangu 1963, mnachoingia ni nakala kamili iliyofunguliwa Montignac 2016, nayo tiketi nunueni mapema. Kengele ya kanisa na jogoo alfajiri msilalamikie, kuna sheria ya 2021 inayolinda sauti na harufu za shamba.

Na jioni ya kwanza andika kwenye karatasi namba ya simu ya mwenye nyumba, 112, 15 ya daktari wa dharura, na jina kamili la kitongoji na kijiji, ubandike kwenye friji. Ukipiga simu ya dharura watataka kujua mko wapi, na mama mkwe wako akiwa peke yake nyumbani na watoto aweze kulisoma.